Msumari wa Mtaa wa Hisabati

Siku ya matembezi ya kijiji, Dona Felisbela alipanda basi na mkoba uliomvuta bega upande mmoja. Jirani yake Zulmira, mwanamke asiye na dogo, alijisogeza dirishani kumpisha, kisha akauchungulia mkoba bila hata kuomba ruhusa. Akaona mkate wa nyama uliofungwa kitambaa, chupa ya maji, sweta, na chini kabisa, koleo. Koleo la chuma, lile la kung'olea misumari kwenye kwato za punda.

"We Bela! Tunakwenda kutalii au kuvunja nyumba za watu?"

"Nakwenda kung'oa msumari."

"Msumari gani tena?"

"Wa Abílio."

Zulmira alicheka mpaka akajipiga mapaja. Senhor Gualter wa halmashauri ya kijiji, ambaye siku akikabidhiwa kipaza sauti hujiona askofu, aligeuka kuuliza kuna nini huko nyuma. "Bela anakwenda Coimbra kumng'oa mumewe msumari!" Zulmira akapaza sauti, na basi zima, wazee watupu wenye magoti mabovu na midomo mizima, likaangua kicheko. Kila mmoja akautafsiri msumari huo apendavyo. Dona Felisbela naye akacheka, akamfinya Zulmira mkono, akasema yarabi Mungu, watu wa Vilarinho hawana haya.

Nataka mkumbuke hivyo, kwamba asubuhi ile alikuwa anacheka.

Sisi wa Vilarinho tunamjua tangu utotoni. Alizaliwa nyumba ya mwisho, pale milozi inapoanza, binti wa fundi wa kwato. Darasa la nne lilipokwisha na shule ikaishia hapohapo, kama ilivyokuwa kwa wasichana wote wa rika lake, shangazi yake akamtia sindano mkononi. Huyo shangazi alikuwa mkali. Mshono ukipinda upana wa punje ya mchele, fumua wote, anza upya. Alipofika miaka ishirini, Felisbela alikuwa fundi ambaye watu walimfuata kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto, na nusu ya wanawake wa bonde hili waliolewa ndani ya mshono wake. Mimi dada yangu mmojawapo.

Abílio alikuwa mtoto wa mwenye duka. Akapelekwa Coimbra kusomea sheria, akarudi wakili, na kwetu mtu aliyetoka Coimbra ni Doutor mpaka kaburini hata kama hajui kutibu mafua. Mrefu, ana sauti nzuri, anajua kumwinamia mwanamke anapomsalimu. Akinamama wenye mabinti waliosoma walishampangia mchumba. Yeye akamchumbia fundi. Watu wakasema Bela kamfunga kwa uzi wa dawa, si bure. Wivu huo! Ukweli ni kwamba alimpenda, naye akampenda, au ndivyo tulivyoona sote.

Wiki chache kabla ya harusi, alimletea joho lake la chuo. Sufi nyeusi nzito, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, zuri kweli, ila nyuma, katikati ya mgongo, lilikuwa na mpasuo uliopanda karibu kufika kwenye ukosi.

"Limekuwaje hili?" akamwuliza.

"Msumari. Pale nilipopanga, Mtaa wa Hisabati namba thelathini na moja, kuna lango la chuma bovu lenye msumari umechomoza. Nilipita mbiombio, ukaninasa."

"Masikini."

"Nishonee, Bela. Lishone lisionekane."

Akalishona. Huo mshono, aliniambia mwenyewe, aliushona kwa siku mbili, uzi kwa uzi, kwa sababu ulikuwa wa kwanza kumshonea mume wake. Ungepitisha kidole usingejua palipochanika.

Wakaoana. Mwezi wa tano uliofuata, Abílio akaenda Coimbra kwenye karamu ya darasa lake. Hiyo ni ya kila mwaka, wenzake wote hukutana, hula mbuzi aliyepikwa kwa mvinyo, huvaa majoho yao na kuimba mitaani. Wake hawaendi, alisema, ni ya wenye majoho tu. Akarudi Jumapili jioni, joho begani, anacheka cheka kwa aibu.

"Bela, hutaamini. Yule msumari kaniona tena."

"Palepale?"

"Palepale! Tulikwenda kuimba chini ya dirisha letu la zamani. Lango lenyewe halijatengenezwa mpaka leo."

Akashona. Na mwaka uliofuata akashona. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba yao. Wengine mwezi wa tano hupaka nyumba chokaa, Dona Felisbela hushona joho. Yeye hukaa dirishani na sindano, mumewe hukaa mkabala na kikombe cha kahawa, anamtazama mkono unavyokwenda, na kila mwaka husema neno lilelile: "Mkono wako, Bela, nchi hii haupo." Msumari nao ukawa kama jamaa wa nyumbani. Akirudi tu, kabla hajavua viatu, mkewe humwuliza, "Msumari hajambo?" Naye hujibu, "Hajambo, anakusalimu."

Anakusalimu! Mimi hapo ndipo damu hunichemka.

Walipata binti mmoja, sasa yuko Lyon na watoto wake. Miaka miwili ya korona karamu haikufanyika, joho likakaa kabatini zima, na Abílio akawa na hasira kama mtu mwenye jino bovu, hata supu ikizidi chumvi kidogo anasukuma bakuli. Dona Felisbela akamhurumia. Kumbe mtu anaweza kuwapenda wanafunzi wenzake hivi, alimwambia Zulmira. Karamu iliporudi akaenda, akarudi, mpasuo wazi, uso umechangamka. Akamshonea kwa furaha.

Mara thelathini na sita alishona mpasuo huo. Na Coimbra yenyewe alikuwa hajaiona. Kila alipoomba, jibu lilikuwa mwakani. Mwakani, Bela, nikipata nafasi. Mwakani, goti likipona. Basi halmashauri ilipotangaza safari ya siku moja, Jumamosi, wiki moja kabla ya karamu, jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la kwake.

"Coimbra?" Abílio aliweka gazeti chini. "Utachoka bure, mke wangu. Ni ngazi tupu."

"Nitachoka nikiwa nimeshaiona."

Hakumwambia kuhusu koleo. Alitaka kuung'oa ule msumari, aufunge kwenye karatasi yenye utepe, aje aweke mezani karibu na kahawa yake. Tazama, mume wangu, mwaka huu nenda ukaimbe kwa raha, adui yako ninaye mimi hapa. Safari nzima alikuwa akiwaza uso wake atakapofungua karatasi hiyo. Hayo majengo ya kifalme waliyoahidiwa na Senhor Gualter kwenye kipaza sauti hayakumhusu sana.

Coimbra walipokelewa na binti wa chuo mwenye joho, jina lake Benedita, mwaka wa nne, msuko mmoja mrefu mgongoni na sauti ya kuamrisha kondoo. Akawapandisha ngazi zinazoitwa Vunja-Mgongo, na kila baada ya ngazi kumi mzee mmoja wa Vilarinho alisimama akajifanya anatazama mandhari. Juu wakaingia uwanja wa chuo kwa Lango la Chuma. Zulmira akamsukuma mwenzake kwa kiwiko.

"Si ndilo hilo? Toa koleo lako."

"Hili la chuo. La Abílio ni dogo, la nyumba aliyopanga."

"Haya. Mimi nashika tochi, wewe unang'oa. Tukikamatwa sikujui."

Wakaonyeshwa mnara ambao kengele yake huitwa Mbuzi, wakaonyeshwa maktaba ambamo popo huachwa waishi ili wale wadudu wa vitabu. Zulmira akataka kujua popo hao wanalipwa na nani. Lakini Dona Felisbela hakuwa anatazama juu, alikuwa anatazama majoho. Uwanja ulijaa wanafunzi, na fundi ni fundi. Alikagua sufi, akakagua pindo, akaona kitu kilichomchukiza: majoho karibu yote yalikuwa yamechanwachanwa pindoni. La Benedita ndilo lilikuwa baya kupita yote.

"Mwanangu," alisema kwa uchungu kabisa, "nani kakuharibia joho hivi? Hebu vua, sindano ninayo."

Benedita akaruka nyuma kama aliyeonyeshwa kaa la moto. "Mama, usiguse! Hii ndiyo mali yangu."

"Matambara haya?"

"Sogeeni wote, hii ni sehemu ya maelezo." Akatandaza upande wa kushoto wa joho lake. "Huku ni kwa familia. Unapokaribia kumaliza, kila mtu wako anakupasulia mpasuo mmoja. Huu mama. Huu baba. Huu mdogo mdogo ni wa bibi, alisema lazima aanze kwa meno kama wengine, meno yenyewe ya bandia, yakabaki kwenye joho."

Wazee wakacheka. Senhor Gualter akashika meno yake kwa tahadhari.

"Upande wa kulia ni wa marafiki. Hawa wote wana wazimu kama wangu."

"Na nyuma je?" akauliza Zulmira, kwa kuwa aliona binti analificha tabasamu. "Katikati hapana mwenyewe?"

"Nyuma, katikati, ni pa mpenzi. Mmoja tu, hapachangiwi." Benedita aligeuka, akainua msuko wake. Pale katikati ya mgongo palikuwa na mpasuo uliopanda karibu kufika kwenye ukosi, umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. "Anaanza kwa meno, halafu anavuta kwa mikono. Na mkiachana, unashona. Mimi nimeshona mwezi wa pili. Mshenzi yule."

Kicheko kikapigwa tena. Katikati ya kicheko hicho, Dona Felisbela alisogea mbele, akaweka kidole juu ya uzi mwekundu, na safari hii Benedita hakuruka. Nadhani aliuona uso wa mama huyo.

"Ukishashona," aliuliza polepole, "halafu ukafumuka?"

"Haufumuki wenyewe, mama. Unafumuliwa. Mkirudiana, anapasua tena palepale."

"Na msumari?"

"Msumari gani?"

"Msumari wa lango. Hauwezi kupasua hapo?"

"Msumari ungepasua popote. Begani, kwenye kiwiko, kwenye pindo." Binti alicheka kidogo, halafu akaacha. "Ila hapa katikati, moja kwa moja, msumari wa kuchagua hivyo sijauona."

Zulmira alisogea karibu, akaushika mkoba wa mwenzake upande mmoja.

Chakula cha mchana kililiwa bustanini. Mkate wa nyama wa Dona Felisbela uliliwa na wengine, yeye mwenyewe hakugusa. Alikaa ameubana mkoba kwapani na moyo ukibishana peke yake. Labda lango lipo. Kwa nini lisiwepo? Abílio hawezi. Mtu hawezi kukaa mbele ya mkewe miaka yote hiyo na kikombe cha kahawa. Labda ni bahati mbaya tu, na wanafunzi wana desturi zao na msumari una zake. Hatimaye akainuka, akamwendea Benedita, akamwambia, mwanangu, nipeleke Mtaa wa Hisabati, nyumba namba thelathini na moja.

"Nakuja," alisema Zulmira.

"Baki."

"Sibaki ng'o."

Haikuwa mbali. Kichochoro chembamba, nguo zimeanikwa juu, vibao vya rangi vya nyumba za wanafunzi. Namba thelathini na moja ilikuwa nyumba ya mlango wa mbao wa kijani unaofunguka moja kwa moja kwenye jiwe la kizingiti, na kizingiti kinaishia barabarani. Kushoto ukuta, kulia ukuta. Dona Felisbela akapapasa kuta zote mbili kwa mkono, akitafuta hata tundu la bawaba iliyong'olewa, hata kutu. Hakupata.

Dirisha la ghorofani likafunguka. Bikizee mmoja mwenye nywele zilizosokotwa kwa vibana akachungulia, mkononi ana kopo la kumwagilia maua.

"Mmepoteza kitu?"

"Lango, mama," alisema Dona Felisbela. "Hapa palikuwa na lango la chuma."

"Lango? Naishi hapa sasa ni mwaka wa hamsini na mbili. Lango wangeliweka wapi, katikati ya njia?"

"Na wale waliosoma zamani, hawaji hapa kuimba mwezi wa tano? Darasa zima?"

"Aa, darasa liliacha kuja siku nyingi. Magoti, mama, ngazi hizi si mchezo. Sasa wanakuja wale wawili tu." Bikizee aliegemeza viwiko dirishani, akachangamka, maskini, alidhani anawapa hadithi tamu. "Mume na mke. Bwana mrefu mwenye sauti nzuri, na bibi mdogo mdogo mwenye skafu. Wanasimama hapo hapo uliposimama. Bwana anageuka, bibi anashika joho mgongoni, anang'ata, anavuta, prrr! Wanacheka kama watoto. Kila mwaka. Ile miaka ya korona hawakuja, nikasema basi, mmoja kafa. Waliporudi nilishuka na sahani ya vitumbua nikawabusu wote wawili. Mnawajua?"

"Mume namjua," alisema Dona Felisbela. "Na mke wake namjua. Ni fundi."

"Enhe! Ndiyo maana. Maana nilikuwa najiuliza, kila mwaka lile joho linakuja limeshonwa vizuri hivyo, mpaka huoni."

Dona Felisbela akaketi kwenye kizingiti, akautoa mkoba begani, akatoa koleo akaliweka mapajani. Alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama tunavyolia makaburini, na wanafunzi waliokuwa wakipita wakashusha sauti. Benedita akachuchumaa hajui ashike wapi.

"Bela," Zulmira alianza, "labda walikuwa wanatania tu. Mambo ya ujana, unajua wasomi..."

"Usinipake mafuta, Zulmira. Kama alikuwa na mwanamke, mbona wanaume wa Vilarinho wanao, tukawajua, tukawatukana, yakaisha? Angekuwa naye huko. Mbona mimi kanitia humo?" Akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Unajua kwa nini aliniletea nishone? Nilidhani anaona aibu kuwa na joho bovu. Joho lililokwisha kupasuka halipasuliki, Zulmira. Mimi nilikuwa nashona ili mwakani wapate cha kupasua. Mimi ndiye niliyewaandalia karamu. Na kanivika kilemba cha ukoka huku anakunywa kahawa yangu, mkono wako Bela, mkono wako!"

Zulmira akakaa naye kizingitini. Akamvuta kichwa begani kwake.

Kwenye basi la kurudi, Senhor Gualter, akiwa ameshakunywa bilauri tatu, alichukua kipaza sauti. "Na sasa tumsikie Dona Felisbela! Mama, msumari umeupata?"

Zulmira akainuka amnyang'anye, lakini mwenzake alimshika sketi.

"Nimeupata," alisema.

"Tuonyeshe basi!"

"Haukutoka. Umeingia sana."

Walicheka. Walikuwa hawajui.

Abílio alikuwa amempashia supu. Akauliza, umeipendaje Coimbra, naye akajibu, ngazi tupu. Akasema miguu inamuuma, akaenda kulala chumba cha binti yao. Mumewe akaosha bakuli mwenyewe, mume mwema huyo.

Asubuhi, Jumapili, Abílio alipotoka kufuata kahawa yake jikoni alimkuta dirishani, kwenye kiti chake cha kushonea. Joho lilikuwa mapajani na alikuwa anafumua. Sio kuchana, anafumua, kwa ncha ya mkasi, mshono baada ya mshono, kama shangazi alivyomfundisha. Nyuzi alizipanga mezani, pamoja na mabaki ya miaka ya nyuma yaliyonasa ndani ya sufi. Mwaka fulani uzi wa pamba, mwaka fulani wa hariri aliobakisha kwenye gauni la bibi harusi, mwaka fulani wa nailoni kwa sababu duka lilikuwa limefungwa. Ukingo wa sufi pale katikati ulikuwa umekwisha kwa sindano, mwembamba kama karatasi.

"Bela? Mbona unafumua? Karamu ni Jumamosi."

"Namrahisishia Msumari kazi. Umri umekwenda, sijui kama bado ana meno."

Kikombe kiligonga kisahani. Dona Felisbela alitegemea mumewe atauliza msumari gani, unasema nini, umeota? Usiku kucha alikuwa amejiandalia majibu ya maswali hayo, na ndani kabisa, alimwambia Zulmira baadaye, alikuwa anaomba ayaulize. Abílio akasema, "Nani kakuambia?"

Basi. Kwa maneno hayo mawili, hakukuwa na la kutafuta tena.

"Kanisalimia," alisema Dona Felisbela. "Si huwa ananisalimu?"

"Ni desturi tu, Bela. Mambo ya wanafunzi. Mara moja kwa mwaka, saa chache. Yeye ana watu wake, mimi nina wangu. Haikugusa nyumba hii hata siku moja."

"Haikugusa? Nimeishona mkononi mwangu mara thelathini na sita, unaniambia haikugusa!"

 Wakili, anayejua kusema mbele ya mahakimu, alisimama na pajama lake, anazungusha kikombe juu ya kisahani.

"Ule wa kwanza nakusamehe," mkewe aliendelea. "Uliniletea kabla ya harusi, na nadhani siku ile ulitaka kweli yaishe. Ule naubakiza kuwa wangu. Lakini hii mingine yote ulikaa hapo. Hapo ulipo. Ukanitazama ninavyochomwa na sindano, ukanisifu. Familia wanapasua kushoto, kumbe.  Mimi niliye mke wako sina hata mpasuo mmoja kwenye joho hili, nina uzi tu."

"Nipasulie basi," alisema Abílio. Alilia sasa, na machozi yake nadhani yalikuwa ya kweli, mimi sina haja ya kumzulia. Akashika upande wa kushoto wa joho, akamnyooshea. "Pasua, Bela. Hapa. Pasua unavyotaka."

Dona Felisbela alitazama ule ukingo. Sufi nzuri, nzito, upande ule bado mzima kabisa. Akauachia ukaanguka.

"Mimi sipasui nguo, Abílio. Nashona. Nilikuwa nashona." Akakunja joho, mpasuo ukiwa wazi juu, akamwekea mikononi, na juu ya joho akaweka koleo. "Jumamosi nenda. Sikuzuii. Ila mwambie Msumari aje na sindano."

Akavaa koti, akaenda misani.

Jumamosi ile Abílio hakwenda, wala mwaka jana. Joho limetundikwa kabatini, mgongo wazi. Hawajaachana, watu wa umri wao kwetu wanaachana wapi. Anampikia, anamfulia, wakipita barabarani anamshika mkono penye mteremko kwa sababu ya lile goti lake. Ila hajachukua sindano kwa ajili yake tangu siku hiyo, na hakuna fundi mwingine bonde lote hili atakayethubutu. Jumapili iliyopita Doutor alikaa mbele yangu kanisani. Mkono wa kushoto wa koti vifungo viwili havipo, na bega limeachia mshono mpaka bitana inaonekana. Dona Felisbela alikuwa ameketi pembeni yake na kitabu cha nyimbo, ndani ya gauni jipya alilojishonea mwenyewe, na mimi niliyelitazama misa nzima sikuona uzi.